Firigisi za Wakwe na Omena ya Moshi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kibomet, Kitale, nimepiga magoti jikoni na kisu mkononi, nimepasua firigisi ya kuku na ndani yake sikuona nilichozoea kuona. Nilizoea changarawe, punje za mahindi na ile ngozi ya njano inayobanduka kwa ukucha. Siku hiyo ngozi ilikuwa nyeusi, imepasukapasuka na kung'ang'ania nyama, na humo ndani mlikuwa na uji mweusi kama mashapo ya kahawa. Nikaita, "Wekesa! Njoo uone maajabu." Mume wangu akaja, akainama, akatazama, akakuna kichwa. "Sasa hii ni nini?" akaniuliza. Na mimi nilikuwa nimemwita ili nimuulize hivyo hivyo.

Mwanangu Wafula, kaa vizuri, weka simu chini. Umetoka Kitale mpaka hapa Bungoma kuniambia kuku wako wanakufa na kichwa chako kimechanganyikiwa. Daktari mmoja amekwambia ununue unga wa majani. Mwingine amekwambia majani ni ya mbuzi. Na huko kwenye simu kuna mtu wa tatu anayesema mimea ina antioksidanti, ati zinalinda tumbo na utumbo wa kuku visiumie. Neno lenyewe linanishinda ulimi, lakini jambo lenyewe silo geni kwangu. Unataka nikwambie umfuate nani. Ngoja kwanza. Nikuonye mapema kwamba jambo hili lilinichanganya mimi pia, na kuna mahali linanichanganya mpaka leo na mvi zangu hizi.

Wakati huo nilikuwa bibi harusi, hata sufuria zangu zilikuwa bado zinang'aa. Mdogo wangu Nafula, yaani mama yako, alikuwa amepata mchumba, na mchumba huyo ndiye baba yako Barasa. Wazee wa kina Barasa walikuwa wametuma neno kwamba maharagwe yakishavunwa watakuja kwetu kuzungumza habari za mahari. Na wewe wajua kwetu mambo yalivyo. Mzee wa wakwe hapewi kuku wa kugawana. Kila mzee na kuku wake, na juu ya kuku kuna firigisi yake, imekaa mahali inapoonekana. Mzee hagusi kitu mpaka ameiona. Akiikosa, ananawa mikono, anasema ameshiba, nanyi mnabaki na ugali wenu na aibu yenu.

Usicheke, bana. Nimewahi kuona uchumba ukivunjika hivyo. Kijiji kizima kilisema, kwao msichana yule wanaficha firigisi, na mwenye kuficha firigisi ataficha nini kingine? Msichana alikaa nyumbani miaka mpaka akaolewa mbali, ng'ambo ya Lwakhakha, upande wa Uganda, kwa watu wasiojua habari hiyo.

Na sisi wanawake? Sisi tulimkamata kuku, tukamchinjisha, tukaipasua firigisi, tukaiosha, tukaipika, tukaipeleka mezani. Kuila, hapana. Hata kulamba mchuzi wake kwa kidole mama yangu alinikataza. Kwa hiyo firigisi nilizijua kwa macho na vidole, sikuzijua kwa ulimi.

Sasa, kuku wa Papa, babu yako, walikuwa wameisha wote kwa ugonjwa wa kideri. Papa akanitumia neno: "Nanjala, wewe ndiye mkubwa wao, na uko Kitale kwenye mahindi. Nifugie majogoo wa wakwe." Baba akikwambia hivyo, utasema nini? Nikanunua vifaranga chotara, nikawajengea banda nyuma ya nyumba, nikaanza kuchanganya chakula mwenyewe. Mahindi tulitoa Moi's Bridge, mashudu ya alizeti yalikuwa karibu, na omena, wale dagaa wa ziwani, wa kusaga alileta Wekesa.

Hapo kwenye omena tega sikio. Wa kwanza walikuwa wa kuanikwa juani, nao wakaisha. Mvua ilikuwa imekaza msimu ule, jua hakuna, na huko ziwani omena hawakauki bila jua. Mwenye mali mmoja akaona wataoza, akawakausha juu ya mabati, moto chini. Wekesa alipitia sokoni akitoka biashara zake Lwakhakha, akakuta magunia hayo, akanusa, akapenda. Na mimi niliponusa nilipenda. Walikuwa weusiweusi, wananukia moshi mtamu, mpaka jirani akaja na bakuli kuomba kidogo akapike na mboga. Tulisema hao kuku watakula kama wazungu. Omena akinuka vibaya, kila mtu atamkimbia. Lakini omena anayenukia vizuri, nani atamshuku?

Haukupita muda, majogoo wakaanza kusinyaa. Vilemba vikafifia, manyoya yakasimama, mmoja akainamisha shingo na kutoa maji meusi mdomoni. Kesho yake alikuwa amekufa. Ndiye huyo niliyempasua ile asubuhi. Baada yake akafa mwingine, na mwingine. Mwanangu, nilikuwa nikiamka, kabla ya kuwasha moto, naenda bandani, naogopa kuhesabu.

Nikaanza kuuliza watu. Yule wa agroveti, duka la dawa za mifugo, alinisikiliza, akasema ni ugonjwa wa kuhara damu, akanipa dawa ya kutia kwenye maji. Maji yakawa na rangi nzuri, kuku wakaendelea kufa. Simlaumu, maana hakuiona ile firigisi. Aliniona mimi tu nikilia mbele ya kaunta yake. Mama mmoja wa kanisani akasema ni baridi ya Kitale, niwaingizie jiko la makaa. Nikaingiza, nusura niteketeze banda. Wekesa naye akasema hawana nguvu, niwaongeze omena. Nikawaongeza. Mungu anisamehe, siku hiyo niliwaongeza kwa mikono miwili.

Kisha nikaenda kwa Bi Zuhura, aliyekuwa akiuza viungo karibu na msikiti mjini. Mama yule alikuwa na maneno machache na mizani isiyodanganya. Nilimweleza, akafikiri, akasema, "Tumbo la mtu na tumbo la kuku yote ni matumbo. Mimi mtoto wangu akiumwa vidonda vya tumbo nampa manjano. Sijui ya kuku, lakini jaribu. Na kitunguu saumu kidogo. Na ukipata majani ya mlonge, yakaushe kivulini, uyasage." Alinifungia manjano kwenye gazeti na kuniombea dua.

Nikarudi nyumbani, nikatia manjano. Nikatia kitunguu saumu. Nikatia mlonge. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia woga, nikatia pilipili, nikatia majivu, nikatia shubiri, na ile dawa ya agroveti bado imo kwenye maji, na jiko bado linawaka, na omena bado imo. Wahenga wamesema penye wengi hapaharibiki neno. Hao hao wamesema wapishi wengi huharibu mchuzi. Sasa nifuate lipi? Nadhani wahenga wetu hawakuwahi kukaa kikao wakakubaliana.

Ajabu ni kwamba vifo vilipungua. Havikuisha, ila vilipungua. Nikakaa kwenye kigoda nje ya banda, nikajiuliza ni kipi kilichosaidia. Manjano? Majivu? Dua ya Bi Zuhura? Sikujua niache kipi, kwa hiyo sikuacha chochote. Nilikuwa kama mtu aliyebeba mizigo yote ya soko na hajui nani alimtuma nini.

Ndipo Senge akaja. Senge ni shangazi yangu, dada ya Papa, na kwetu mtoto wa kike akiolewa, senge ndiye anayesimamia heshima yake. Alikuja kutoka Bungoma pamoja na Nafula ili waone kuku wa wakwe wamefikia wapi. Sikuwa nimewaambia kitu. Alisalimia mulembe, akanywa chai, kisha akaenda moja kwa moja bandani. Akachota chakula kwa kiganja, akanusa, akapiga chafya mara mbili kwa ile pilipili. Akanigeukia.

"Nanjala, hawa kuku unawatibu ama unawapikia pilau?"

Wekesa alicheka, akaona uso wa Senge, akaacha kucheka.

Nikamweleza yote. Senge akatazama majogoo mmoja mmoja, akachagua aliyekuwa mnene kuliko wote, mwenye kilemba chekundu na sauti. "Chinja huyu," akasema. Nikamwambia, Senge, huyo ndiye mzima. Akasema, "Ndiyo sababu nataka huyo." Tukamchinja. Nikaipasua firigisi mbele yao. Ndani mlikuwa na mipasuko, na weusi kuzunguka ukingo wote. Kwa nje kuku mzima, kwa ndani kidonda.

Basi nikaelewa balaa lililokuwa mbele yetu. Hata wale waliobaki hai, hakuna aliyejua wana nini tumboni. Siku ya wakwe tungechinja, tungepasua, na hapo ndipo tungejua, wazee wameshakaa.

Nafula akakaa chini kwenye matope na nguo yake ya kusafiria. "Kwa hivyo mimi sitaolewa," akasema. "Ati sitaolewa juu ya tumbo ya kuku!" Akaanza kulia, na sio kilio cha kudeka. Alimpenda Barasa, mwanangu. Baba yako wakati ule alikuwa mwembamba kama ufito na hana kitu, lakini mama yako alimpenda.

Nilimwuliza Senge tufanye nini. Nilitarajia atatoa jibu, kwa kuwa Senge alikuwa na jibu la kila kitu. Akanijibu, "Sijui."

Neno hilo lilinitisha kuliko firigisi yenyewe. Lakini akaendelea. "Sijui, na sijawahi kuona kitu kama hiki tangu nianze kupasua kuku. Lakini wewe umeongeza, umeongeza, umeongeza. Hakuna siku umepunguza. Firigisi ni kinu, Nanjala. Kinu kikipasuka humwulizi mchawi. Unauliza wametwanga nini ndani yake. Mlianza lini kununua chakula hiki?" Nikafikiri. Nikakumbuka mahindi yalikuwa yale yale, mashudu yale yale. Kilichobadilika ni omena. Wekesa akasema haraka, "Lakini ile omena ni safi, Senge, inanukia!" Senge akamjibu, "Hata nyama iliyoungua inanukia kwa jirani."

Hata hivyo hakusema ni omena. Alisema huenda ni omena. Akatufanya tugawe banda kwa mabati makuukuu. Upande mmoja wakae na omena yao na yale majani ya Bi Zuhura, bila pilipili wala majivu wala shubiri. Upande wa pili wasipewe omena kabisa, tuwape maharagwe ya kuchemsha mahali pake, na wasipewe jani hata moja. Dawa na jiko akavitoa. "Tutangoja," akasema. "Kisha tutachinja mmoja huku na mmoja huku, na firigisi zenyewe zitatuambia kama ni omena inayoua ama ni majani yanayoponya." Mimi niliona hiyo ni akili kubwa sana. Senge akarudi Bungoma na kumwacha Nafula anisaidie kulisha.

Tukangoja. Nilikuwa na uchungu wa kungoja, usione nazungumza kwa utulivu leo. Kila nilipotaka kutia kitu nilijifunga mikono kwenye leso.

Senge aliporudi tukachinja wawili. Aliyekula omena na majani alikuwa na vidonda, lakini vilikuwa vinafunga, vina makovu, na ule uji mweusi haukuwepo. Aliyenyimwa omena alikuwa safi kabisa. Ngozi ya njano ikabanduka yote kwa mara moja kama ganda la yai. Nikapiga vigelegele. "Ni omena! Ni omena peke yake! Hawa hawakupata jani lolote, na tazama!" Wekesa akainamisha kichwa kwa aibu. Senge alikuwa anaanza kutabasamu.

Kisha nikaona vidole vya mama yako. Vilikuwa vya njano mpaka kwenye kucha. Hilo si neno, kwani yeye ndiye aliyekuwa akichanganya manjano ya upande wa kwanza. Lakini nikatazama sahani ya chakula ya upande wa pili, upande usiotakiwa kupata kitu, na kingo zake zilikuwa za njano vile vile.

"Nafula! Hawa umewapa manjano?"

Akatazama chini. "Na mlonge kidogo."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananiangalia, dada. Wenzao wanakula majani, wao hapana. Niliwaonea huruma. Na kama majani ndiyo dawa, sasa nusu ya kuku wangu wafe bure ndio Senge ajue?"

Kweli, utamjibu nini? Senge alikaa juu ya debe, akashika kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakasirika, kisha akacheka tena. "Sasa tumejua nini?" akauliza. Wale wa omena walipata majani. Wale wasio na omena walipata majani pia. Kwamba omena ile ilikuwa inaumiza, hilo lilionekana. Kwamba majani yanasaidia, hilo nalo lilionekana, maana kabla yake kuku wa omena walikuwa wanakufa na sasa vidonda vilikuwa vinafunga. Lakini je, kuondoa omena peke yake kungetosha? Na je, majani yangeweza kushinda omena tukingoja zaidi? Hatukujua, na siku ya wakwe ilikuwa imekaribia, hakukuwa na muda wa kurudia. Tukaitoa omena yote, tukawapa wote majani kidogo kidogo kwa kipimo cha Senge, na tukamwachia Mungu.

Basi siku ikafika. Majogoo tuliwapakia kwenye matenga kwenda Bungoma, wa upande huu na wa upande ule wakachanganyika, hakuna aliyeweza kuwatambua. Asubuhi wageni wakiwa njiani, tulikuwa jikoni, mimi napasua, Senge amesimama nyuma yangu, Nafula amekatazwa kuingia lakini anachungulia. Ya kwanza safi. Nikapumua. Ya pili safi. Nyingine ina kovu dogo ambalo liliondoka na ngozi. Tukaendelea hivyo, kila moja nikiipasua nasema jina la Yesu, mpaka ikabaki moja. Niliipasua hiyo, na ilikuwa imechanika vibaya, kovu jeusi limeingia mpaka kwenye nyama.

Na kuku walikuwa wametosha wazee bila mmoja wa ziada. Nikamwambia Senge, nitaikata hapa pabaya, niifunike na vitunguu, mchuzi uwe mzito, hataona mtu. Senge aliiweka kwenye sahani, akaipeleka kwa Papa vile vile ilivyo. Nilimfuata mpaka mlangoni nikimsihi. Papa aliitazama, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Ipikeni. Hiyo ni yangu."

Sasa mwanangu, fikiri. Mwenye boma ameketi mbele ya wakwe zake, kila mgeni ana firigisi nzuri juu ya kuku wake, na mwenyewe ana kitu kama kiatu kilichochanika. Kiongozi wa wageni alikuwa Mzee Khaemba, ami ya baba yako, mtu mkali asiyecheka. Aliitazama firigisi yake, akaridhika. Kisha macho yake yakaenda kwenye sahani ya Papa, yakabaki hapo. Mimi na Nafula tulikuwa nyuma ya pazia, naye alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zake za njano zikaniingia.

"Mkwe," akasema Mzee Khaemba, "hiyo ni nini?"

Papa hakutafuta maneno. Akamwambia kuku waliugua tumboni kwa chakula kibaya tulichodhani ni kizuri, binti zake wakawauguza kwa majani, wengi wakapona, na huyu hakupona vizuri. "Zile nzima ni zenu," akasema. "Mbovu ni yangu. Sikuona haja ya kuifunika."

Nilisikia ugali ukipoa. Kisha Mzee Khaemba akachukua kisu, akaikata firigisi yake katikati, na nusu akaiweka kwenye sahani ya Papa. Mwanangu, mzee kumkatia mwenzake firigisi! Wazee waliobaki wakaguna. Akasema, "Nyumba inayonionyesha firigisi mbovu haitanificha kitu kingine. Tuzungumze habari za mtoto." Nafula akaanguka mikononi mwangu, tukaangukiana wote wawili, tukavunja kikombe.

Halikuishia hapo. Mzee akauliza, "Na hao kuku aliwauguza nani?" Papa akaniita. Nikatoka nyuma ya pazia na mikono yangu inanuka kitunguu saumu. Mzee Khaemba akaikata tena ile nusu yake, akatoa kipande, akaninyooshea. Kwenye kiganja changu, mbele ya wanaume! Nilimtazama Senge, nikijua atanikataza. Senge akatazama dari. Nikala.

Watu huniuliza ilikuwa na ladha gani. Sijui. Nilisubiri maisha yangu yote kujua ladha ya firigisi, na nilipoipata nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba niliimeza nzima.

Miaka imepita, na binti yangu akasomea mifugo. Siku moja nilimsimulia haya, akaniambia samaki akichomwa kupita kiasi hutokea kitu ndani yake kinachofanya tumbo la kuku limwage maji makali, maji hayo yanachoma firigisi. Na mafuta ya samaki yakiharibika yanazidi kuuumiza utumbo. Akasema mimea kama manjano, mlonge na kitunguu saumu ina hizo antioksidanti zenu, ambazo huzuia mafuta yasiharibike haraka na huusaidia mwili wa kuku kustahimili kuumia. Nikafurahi sana. Nikamwuliza, basi niambie, kilichowaponya ni kuondoa omena ama ni majani? Akafikiri, akasema, "Labda vyote viwili, mama. Bila kundi lisilopata chochote, huwezi kujua." Labda! Nimesomesha mtoto mpaka chuo kikuu nikapewa labda. Lakini nilimheshimu, kwa kuwa alinijibu kama Senge.

Kwa hiyo, Wafula mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Kuku wako akifa, usikimbilie duka. Mpasue kwanza, utazame firigisi na utumbo, na ukienda kwa daktari nenda navyo, usiende na machozi peke yako. Kisha uliza ni kitu gani kimebadilika kwenye chakula. Mahindi yakiwa na ukungu, omena ikiwa imeungua au imechacha, itoe, hata kama ilikugharimu na hata kama inanukia vizuri, maana kikulacho ki nguoni mwako. Ukishatoa kinachoumiza, hapo wape majani kwa kipimo. Yana faida, nimeyaona kwa macho yangu, ila hayajaumbwa kukupa ruhusa ya kulisha sumu. Na usitie kila kitu kwa siku moja kama mimi. Badilisha moja, ungoje, utazame. Ukigawa banda lako mara mbili, usimweke mama yako kulisha. Mpende, mheshimu, lakini usimweke kulisha.

Na ukifika mahali hujui, sema hujui, kwa sauti, mbele za watu. Senge alisema hivyo, Papa akasema hivyo kwa njia yake, na nyumba ya kwenu ikasimama juu ya maneno hayo. Wewe umezaliwa kwa sababu babu yako hakufunika firigisi kwa vitunguu.

Nenda salama Kitale. Mungu alibariki banda lako, majogoo wako wawike mpaka majirani wachukie, mikono yako isichoke kulisha na macho yako yasichoke kutazama. Upate mke mwenye huruma kama mama yako. Na siku utakapopeleka wazee kwa wakwe, au wao watakapokuja kwetu, nitakuja kupasua kuku mwenyewe. Lakini kipande changu cha firigisi mniwekee. Safari hii nataka kukitafuna.